Medali za mabaharia, hazina hata jina

Huku Lamu ukisema babu wa fulani alipata medali ya Vita vya Pili vya Dunia watu wanadhani alikua askari, kumbe wengine walikua mabaharia wa kawaida tu, kwenye meli za abiria ambazo Uingereza ilizichukua ikazigeuza za kubeba wanajeshi. Mfano meli ya Khedive Ismail, ilitoka Mombasa Februari 1944, tarehe 12 nyambizi ya Wajapani ikaipiga torpedo, yaani kombora la chini ya maji, karibu na Maldives, ikazama kwa dakika kama mbili hivi na karibu watu 1,300 wakafa. Torpedo haiulizi nani kavaa magwanda nani yuko injini!

Kupata medali ya Nyota ya 1939–1945 baharia alitakiwa awe amefanya kazi baharini miezi 6, utepe wake una rangi 3 na ile buluu iliyokoza ndo ya wanamaji pamoja na meli za biashara. Medali nyingine, ile ya mviringo iitwayo War Medal 1939–1945, ina simba kakanyaga joka la vichwa viwili, ilitaka siku 28 tu, ila usihangaike kumpelekea sonara manake si fedha, ni shaba na nikeli.

Kinachoniudhi hazikuchongwa jina la aliyezipata, alafu mtu ilibidi aziombe mwenyewe. Sasa mzee wa hapa aombe kwa nani jamani, na fomu zenyewe za Kizungu? Kama kwenu mna karatasi za meli za babu, tafadhali msifungie maandazi.