Koja la Bogenvilia: Sanaa za Hawaii katika Ua Mmoja wa Dodoma

Jumamosi alasiri, katika ua wa nyumba moja huku Kisasa, hukutana mafundi wachache wa mikono: wasusi wa mikeka, washonaji, mtengenezaji wa mazeze kutoka upande wa Chamwino, na akina mama wanaotunga shanga. Hukutana ili kufundishana, wala hakuna anayetozwa kitu zaidi ya mchango wa chai na sukari. Miezi hii wameshika sanaa za visiwa vya Bahari ya Pasifiki, hasa za Hawaii, kwa sababu mwenzao mmoja aliishi Honolulu wakati wa masomo yake, akajifunza huko kutunga maua, kushona na kusuka, na aliporudi hakutaka ujuzi huo ukae naye peke yake. Ninahudhuria vikao hivyo kama mwanafunzi, na ninaandika haya kwa kuwa vimenionyesha jambo ambalo ningependa watu wengi zaidi wa mji huu walione, nalo ni kwamba ufundi hukaa katika jamii pale unapokuwa na mtu wa kupewa na siku ya kumpa.

Walianza na lei, yaani koja la maua, majani, mbegu, kombe au manyoya linalovaliwa shingoni au kichwani. Huko Hawaii koja hilo hupewa mgeni anayewasili, msafiri anayeondoka, bibi harusi na mhitimu wa shule, na katika gwaride hata farasi huvishwa. Lina adabu zake pia. Anayevishwa halivui mbele ya aliyemvisha; mama mjamzito hupewa lile ambalo ncha zake hazikufungwa pamoja; na maua yakinyauka hayatupwi jalalani, bali hurudishwa ardhini au hutundikwa mtini. Tangu mwaka 1928, tarehe 1 Mei imekuwa siku maalumu ya lei katika visiwa hivyo, siku ambayo watoto wa shule hucheza ngoma za kwao na watunzi wa maua huleta kazi zao zitazamwe na kushindanishwa. Namna za kutunga ni kadhaa, na mwalimu wetu alitufundisha tatu: kui, ambapo sindano ndefu hupitishwa katikati ya kila ua, wili, ambapo vishada vidogo vya maua na majani huzungushiwa uzi juu ya kamba, na haku, ambapo maua huingizwa ndani ya msuko hatua kwa hatua, kama msusi wa nywele anavyoingiza rasta. Hii ya tatu ndiyo iliyowapendeza akina mama wetu kuliko zote, na baada ya muda mfupi walikuwa wakimwonyesha mwalimu njia ya kukaza msuko ili usilegee.

Ugumu ulikuwa katika malighafi. Mji wa Hilo, huko Hawaii, hupata mvua inayozidi milimita 3,000 kwa mwaka, ilhali Dodoma miaka mingi haifikishi milimita 600, tena zote huanguka katika msimu mmoja. Maua mororo ya visiwani yasingedumu hapa hata saa mbili. Lakini mmea wa bogenvilia, ambao umepanda juu ya kuta nyingi za Kisasa, Ilazo na Area C, hupenda jua na ukame, majani yake ya rangi, makavu kama karatasi, huchelewa kunyauka, na watu wa Hawaii wenyewe huutumia kutungia makoja. Tulichuma ya zambarau, ya rangi ya chungwa na meupe, tukayatunga kwa wingi mpaka koja likawa nene kama mkono wa mtoto. Kwa mbegu tulitumia za ukwaju, ambazo huchemshwa kwanza ili zilainike na kupokea sindano, kisha husuguliwa kwa mafuta kidogo zing'ae. Huko kwao mbegu inayopendwa ni ya mkukui, kubwa na nyeusi, ambayo husuguliwa hadi iwe laini kabisa.

Hapa nina neno la kusema kuhusu mahafali yetu. Msimu wa mahafali unapofika, nje ya malango ya vyuo na shule za Dodoma hupangwa mashada ya plastiki yanayometameta, na ndugu hununua matatu au manne, humvisha kijana wao, hupiga picha, na jioni ile ile mashada hayo huwa yamelala mitaroni. Siwalaumu wanaoyanunua, wala wanaoyauza, kwa maana furaha ya siku ile ni ya kweli na biashara yao ni halali. Nasema tu kwamba tendo lenyewe la kumvisha mtu shingoni kwa heshima tayari tunalo, tunalitenda kwa maelfu kila mwaka, na kilichobaki ni kuliweka mikononi mwa mafundi wetu. Koja la bogenvilia lililotungwa na shangazi alfajiri ya siku ya mahafali linachukua muda wa saa moja na gharama ya uzi.

Mwalimu wetu alitumia kikao kizima kutueleza habari za kapa, ingawa hatukuweza kuitengeneza, na nadhani alifanya vyema. Kapa ni nguo ya gome la mti uitwao wauke, wa jamii moja na mforosadi. Gome la ndani huvuliwa, hulowekwa, hupigwa kwa rungu la mti mpaka litanuke, na rungu la mwisho huwa limechongwa nakshi ambazo huonekana ndani ya nguo inapoinuliwa kwenye mwanga. Kisha nguo hupigwa chapa kwa vijiti vya mwanzi vilivyochovywa rangi. Wasomaji wenye asili ya Kagera watatambua kazi hii mara moja, kwa sababu Wahaya na jirani zao wa Buganda walivaa nguo za magome ya mtuba zilizopigwa kwa nyundo zenye mifuo, na ufundi wa Waganda ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Huko Hawaii pamba ya kutoka ng'ambo iliiondoa kapa polepole, na kufikia mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa imekaribia kutoweka. Miaka ya 1970 watu walipotaka kuifufua, hawakukuta mwalimu wa kukaa naye. Iliwabidi wachunguze vipande vya zamani vilivyohifadhiwa katika makumbusho, kama yale ya Bishop yaliyoanzishwa Honolulu mwaka 1889, wapige, wakosee, waloweke upya, wapige tena, hadi wakapata jibu la maswali ambayo bibi mmoja aliye hai angeyajibu kwa kuonyesha kwa mkono tu. Lei haikupitia mateso hayo, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na mtu wa kuvishwa na hakuna duka lililoweza kuichukua nafasi ya yule anayevisha. Tofauti hiyo ya historia mbili za visiwa vilevile imenikaa moyoni kuliko mengine yote niliyoyasikia katika ua ule.

Kuhusu ususi nitasema machache, kwa kuwa wasusi wetu wamekwisha kuujua. Wahawaii husuka mikeka, kofia na vikapu kwa majani ya hala, mti wa jamii ya mkadi wa pwani yetu. Huondoa miiba ya kingoni, huyafuta majani, huyaviringisha na kuyachana vipande vyembamba. Wasusi wetu wa ukindu waliona tofauti ndogo tu, wakasuka kofia ya kwanza bila kuuliza maswali mengi.

Vibuyu ndivyo vilivyoubadilisha mkutano wetu. Katika ngoma ya Hawaii iitwayo hula kuna ala iitwayo ipu heke, ambayo hutengenezwa kwa vibuyu viwili, kikubwa chini na kidogo juu, vilivyounganishwa kwa gundi. Mpigaji huigonga chini juu ya mkeka na kuipiga kwa kiganja na vidole huku akiimba. Mwalimu alianza kueleza namna kibuyu kinavyosafishwa, ndipo bibi mmoja Mgogo, ambaye alikuja kumsindikiza mjukuu wake na alikuwa amekaa pembeni kimya tangu mwanzo, akasogea mbele. Tulimpa shikamoo, akaitikia, kisha akasema, “Wanangu, hiki mngeniita tangu siku ya kwanza.” Akatuonyesha kibuyu kinavyoachwa shambani mpaka bua likauke lenyewe, kinavyokatwa mdomo, kinavyojazwa maji na kuachwa nyama ya ndani ioze, na kinavyotiwa changarawe na kutikiswa kwa mwendo wa polepole hadi utando wote utoke. Mwalimu wetu alisikiliza kwa makini, kisha akasema kwamba wazee wa Hawaii hufanya karibu vivyo hivyo: maji ya kuozesha, mawe ya kukwangua. Mmea wenyewe ni mmoja, mmumunye, na wataalamu wa mimea wanaeleza kuwa chimbuko lake ni Afrika, ingawa Wapolinesia, watu wa visiwa vya Pasifiki, waliufikisha katika visiwa vile muda mrefu kabla ya meli za Ulaya.

Tangu hapo aliyekuwa mwalimu akawa mwanafunzi kwa nusu ya kila kikao. Mtengenezaji wa mazeze alileta zeze lake na kueleza jinsi anavyochagua kibuyu kwa kukigonga na kusikiliza, na kwa nini chenye ganda nene humpa sauti ya chini. Sisi watu wa Dodoma tunalo jina la Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma na kufariki mwaka 2003, ambaye zeze na marimba yake vilisikika katika kumbi za mabara mengine. Kwa jina hilo tunajivuna kwa haki. Hata hivyo, vijana waliokuwapo uani siku ile, waliozaliwa na kukulia hapa mjini, wengi wao walikuwa wanashika zeze kwa mara ya kwanza. Hawaii nako ngoma ya hula ilipigwa marufuku hadharani mwaka 1830, ikarudishwa kwa heshima na Mfalme Kalakaua, aliyetawala kuanzia 1874 hadi 1891, na leo tamasha lake kubwa hufanyika mjini Hilo kila mwaka, wiki inayoanza na Pasaka. Kinachonivutia katika tamasha hilo ni kwamba wachezaji wengi hutunga wenyewe makoja wanayoyavaa. Vikundi vingi hupanda mlimani kuchuma majani kwa utaratibu na kwa maombi. Ngoma inaibeba kazi ya mikono, na kazi ya mikono inaibeba ngoma.

Upande wa kushona tulijifunza mablanketi yao ya nakshi. Kitambaa cha rangi hukunjwa mara tatu hadi kiwe tabaka nane, mchoro hukatwa mara moja, kitambaa hufunuliwa na kushonewa juu ya kitambaa cheupe, kisha mistari ya mishono hufuata ukingo wa mchoro kwa kuuzunguka tena na tena hadi pindoni. Mchoro unaopendwa kwa anayeanza ni wa mshelisheli. Mshelisheli Dodoma hatuna, kwa hiyo washonaji wetu walichora jani la mzabibu, na matokeo yake yalikuwa mazuri kiasi kwamba mwenye nyumba ameomba kipande cha kwanza kibaki ukutani kwake.

Kijana mmoja aliuliza kama ni haki kwetu kushika kazi za watu wengine namna hii. Swali lilikuwa zuri na lilijadiliwa kwa utulivu. Ushonaji huo Wahawaii waliupokea kutoka kwa wake za wamisionari waliofika mwaka 1820. Ukulele ulitokana na gitaa dogo la wahamiaji wa Kireno kutoka Madeira waliotua mwaka 1879. Na hata mti wa plumeria, ambao maua yake leo hutungiwa makoja mengi, si wa asili ya kwao. Walivipokea wakavitia mkono wao. Wakati huohuo, watu hao waliupoteza ufalme wao mwaka 1893 na wameona mambo yao mengi yakiuzwa na wasiowajua, hivyo kikundi kimekubaliana kwamba kitu chochote kitakachotolewa kitatajwa asili yake, na kwamba hakuna kitakachouzwa sokoni kwa jina la Hawaii. Nakubaliana nao kabisa.

Sasa maandalizi ni ya Mei Mosi. Kwa kuwa siku hiyo ni ya lei kwao na ya wafanyakazi kwetu, na kwa kuwa mvua zinakuwa zimetoka kuisha na maua yapo, kikundi kitatunga makoja ya bogenvilia na kuwavisha wafagiaji wa barabara za Kisasa na wauguzi wa zahanati ya jirani, kila fundi akiwa na mtu anayemjua kwa jina. Mchana kutakuwa na mafunzo ya vibuyu chini ya bibi yetu, kwa lugha ya Kigogo na Kiswahili. Anayependa kujumuika alete sindano ndefu, uzi imara na maua yaliyochumwa kabla jua halijawa kali, na kama shambani kwao kuna vibuyu vilivyokauka vyenyewe, avilete pia, kwa kuwa tulivyonavyo havitawatosha watoto waliokwisha kujiandikisha.