Vibendera vya Aliwal

Jana nimekesha nikisoma habari za 16th Lancers, kikosi cha Kiingereza cha wapanda farasi kilichofika India 1822. Silaha yao ilikuwa mkuki. Tarehe 28 Januari 1846, huko Aliwal, karibu na mto Sutlej, walijitosa katikati ya askari wa Kisingasinga, wakatokea upande wa pili, wakageuza farasi wakarudi tena! Zaidi ya mia moja waliuawa au kujeruhiwa. Inasemekana damu iliganda kwenye vibendera vya mikuki hadi vikajikunja, na tangu siku hiyo kikosi kikawa kinavikunja marinda kwa kumbukumbu.

Lakini usingizi uliponikataa niliwawaza wale Masingasinga. Farasi wanakuja mbio, nao wanatupa bunduki, wanachomoa panga na kusimama palepale.