Siku Tuliyokataa Kuizima Seva

Mwaka 2015 nilikuwa naandika programu kwa lugha ya Java katika ofisi moja Dar es Salaam. Mfumo wetu wa kupokea malipo ulikuwa na tatizo sugu: ukiwashwa unakwenda vizuri, zikipita siku kadhaa unazorota mpaka wateja wanapiga simu. Tulizoea kuzima na kuwasha upya, basi. Mchana mmoja wa mwisho wa mwezi meneja akaagiza hivyohivyo. Dada mmoja aliyenitangulia kazini akamjibu, "Bosi, tukiizima tunafuta ushahidi. Wateja tuwahamishie seva ya pili, hii niachie."

Akaniita nikae karibu yake. Akaandika amri ya jps, ikatoa namba ya programu yetu. Kisha jstat -gcutil, namba ile, na 1000 mwishoni, yaani vipimo vije kila sekunde. "Mdogo wangu, tazama safu ya O." Hilo ni eneo la vitu vilivyokaa muda mrefu katika kumbukumbu ya Java. Ilisoma zaidi ya asilimia 99, yaani limejaa. Safu ya FGC, inayohesabu usafishaji mkubwa wa kumbukumbu, ilikuwa inapanda huku tunaitazama, na O haishuki. Ndipo nikaelewa kwa nini prosesa inahangaika na malipo hayasogei: Java inasimamisha kazi zote ili izoe taka, na taka za kuzoa hazipo, maana kila kitu bado kimeshikwa.

Kimeshikwa na nani? Amri ya jmap -histo:live ikapanga aina za vitu kwa ukubwa. Juu kabisa ilikaa [C, yaani mifuatano ya herufi, ambazo katika Java 8 hukaa juu karibu kila mara wala hazikwambii kitu. Dada akashuka hadi jina la kwanza lililo letu: klasi ya risiti, yaani aina ya kitu tuliyoiandika wenyewe.

Tukatoa nakala nzima ya kumbukumbu. Programu husimama inaponakiliwa, ndiyo maana wateja walihamishwa kwanza. Faili lile lilibeba namba za simu za watu na kiasi walicholipa, vyote wazi, kwa hiyo hakuruhusu litumwe kwa barua pepe, na jioni ileile alilifuta. Uangalifu huo nauheshimu hadi leo.

Tulilifungua kwa VisualVM, programu ya kuchunguza kumbukumbu, ambayo enzi hizo ilikuja ndani ya JDK yenyewe, kifurushi cha zana za Java. Tukafuatilia nani ameshika risiti, tukaishia kwenye HashMap moja ya static, yaani jedwali linalodumu muda wote programu ikiwa hai. Risiti ziliwekwa humo ili zisichapishwe mara mbili, na hapakuwa na mstari hata mmoja wa kuziondoa.

Marekebisho yalikuwa madogo. Furaha yangu ilikuwa grafu ya wiki iliyofuata: kumbukumbu inapanda na kushuka kama meno ya msumeno, na kila ikishuka inafika kimo kilekile. Meneja alikuja kuiona mwenyewe. Dada akatumia nafasi hiyo kuomba mpangilio wa -XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError uongezwe kwenye seva zote, ili siku kumbukumbu ikijaa Java itoe nakala bila kungoja mtu. Akakubaliwa palepale.