Naamani na Maji ya Mtoni

Somo: 2 Wafalme 5:1–17

Wapendwa katika Bwana,

Wiki hii nimeshindwa kuachana na Naamani. Jemadari wa Shamu, mtu wa cheo na ushindi, lakini ana ukoma. Anafika mlangoni pa Elisha na farasi na magari yake, na nabii hata hatoki nje. Anamtuma mjumbe tu: nenda ukajioshe Yordani mara saba. Naamani anaghadhibika, na hasira yake inafichua alichokibeba moyoni njia nzima. Alidhani nabii atatoka, atasimama, ataliitia jina la Mungu wake na kupitisha mkono mahali penye ugonjwa. Muujiza wake alikwisha kujichorea, na maji ya mtoni hayakuwamo.

Najiona pale. Nimeketi mara nyingi katika vipindi vya ushuhuda. Akisimama anayesema aliota ndoto akaamka mzima, tunashangilia kwa vigelegele. Akisimama anayesema alimeza dawa miezi sita bila kukosa hata siku moja, tunapiga makofi ya adabu na kumpisha anayefuata. Wote wawili wamepona. Mbona ni mmoja tu tunayemsimulia tukirudi nyumbani?

Simwiti mtu mjinga kwa hilo. Mhubiri anasema Mungu ameiweka milele ndani ya mioyo ya wanadamu, na moyo wa namna hiyo haushibi kwa vipimo peke yake. Mgonjwa anapolia, “Kwa nini mimi?”, sayansi humweleza ugonjwa ulivyoingia mwilini. Ni jibu la kweli, ila siyo alilouliza. Muujiza humwambia: umeonekana, unajulikana kwa jina.

Nadhani siri iko hapo. Kanuni ya maumbile haina mpendeleo. Dawa inayomponya mcha Mungu humponya pia jirani yake asiyesali, lakini muujiza tunauhesabu kuwa wetu. Yordani ulikuwa mto wa kila mtu, wa wachungaji na mifugo yao, na jemadari alitaka kitu chake mwenyewe. Yesu anasema Baba huwaangazia jua lake waovu na wema, na huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Neema ya wote hutukwaza kidogo, nami nimekwazika nayo kuliko ninavyopenda kukiri.

Tuutazame ukoma wenyewe (ingawa neno la Kiebrania lililotafsiriwa hivyo lilijumuisha magonjwa mbalimbali ya ngozi). Katika Walawi mwenye ugonjwa huo alikaa nje ya kambi, akilia, “Ni najisi, ni najisi.” Karne kwa karne watu waliishi hivyo, wametengwa na watoto wao. Mwaka 1873 daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, alimwona kwa darubini bakteria anayeleta ukoma, wakati wengi waliamini ni ugonjwa wa kurithi. Bakteria huyo huongezeka polepole mno, hata dalili zaweza kuchukua miaka 20 kujitokeza. Dawa ya dapsoni ilipotumika peke yake, vimelea viliizoea. Ndipo mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likashauri dawa kadhaa zitumiwe pamoja. Leo ni vidonge vya miezi 6 au 12, kulingana na aina ya ukoma, na tangu 1995 shirika hilo huvitoa bure. Kambi imefunguliwa, ndugu zangu! Nikilifikiria hilo nashindwa kukaa kimya.

Juu ya mlango wa jengo la kwanza la maabara ya fizikia ya Cavendish kule Cambridge, Uingereza, lililofunguliwa mwaka 1874, yamechongwa kwa Kilatini maneno ya Zaburi 111:2: “Matendo ya Bwana ni makuu, yafikiriwe sana na wapendezwao nayo.” Si wote waliopita chini yake walioamini. Lakini angalia neno hilo, *yafikiriwe sana*. Ajabu ya ghafla hutushika mara moja, bila sisi kujisumbua. Kuyafikiri sana kunataka miaka, makosa na kurudia. Hansen alihitaji saburi, na mgonjwa anayemeza vidonge mwaka mzima anaihitaji pia.

Watumishi wa Naamani ndio waliomwokoa. Wakamwambia kwa upole: baba yetu, kama nabii angekuagiza jambo kubwa, usingelifanya? Akashuka. Kuponywa kwake kulikuwa muujiza, naamini hivyo kwa moyo wote, lakini alipaswa kulowa kwanza. Akazama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Maandiko hayataji badiliko lolote mpaka ya saba. Mwili wake ukawa kama wa mtoto mdogo.

Kisha akarudi kwa Elisha na ombi ambalo sikuwahi kulitilia maanani hadi wiki hii. Yule aliyeyadharau maji ya Israeli aliomba apewe udongo wa nchi hiyo, mzigo wa nyumbu wawili, aende nao kwao.