Maharage ya kabatini

Mwaka 2016 nilikuwa nafundisha darasa la nne huko Kondoa, watoto 87 chumba kimoja, tukafika mada ya mbegu kuota. Miaka ya nyuma nilikuwa naandika tu notisi ubaoni, mbegu inahitaji maji, hewa na joto, wanakopi, tunasonga. Safari hii nikajaribu ile chati ya safu tatu, aliitoa Mmarekani Donna Ogle mwaka 1986 kwa ajili ya masomo ya kusoma, lakini kwenye sayansi inakaa vizuri mno. Nikachora kwenye manila: Tunachojua, Tunachotaka kujua, Tulichogundua. Nikabandika ukutani na maka peni nikawapa wao.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akaja akaandika safu ya kwanza, "Mbegu bila jua haioti". Darasa zima ndiooo ticha! Yaani mkono uliniwasha kufuta, nikajizuia. Nikawauliza tu, tutajuaje? Ndo safu ya pili ikaanza kujaa, tukiificha gizani je, tusipoimwagilia je, ikikosa hewa je, na hapo ndo utamu wa chati ulipo, ukijaza wewe mwalimu umeshaiua.

Maswali yao yakageuka makopo manne, pamba na maharage matano kila kopo. Moja dirishani lina maji, moja lina maji ila limefungiwa kabati la vitabu, moja dirishani kavu, la nne tukajaza maji yaliyochemshwa yakapoa na juu mafuta ya kula ili hewa isipenye. Mwalimu mwenzangu alipita akasoma manila akaniuliza kwanini naacha uongo ukutani wiki nzima, na kweli siku hiyo nililala na wasiwasi, je yakigoma kuota kule kabatini?

Baada ya siku tisa tukafungua kabati mbele ya wote. Kimyaa. Yameota! Marefu, membamba, njano iliyopauka kama tambi, yameinama kuelekea kwenye upenyo wa mlango. Rula ikasema sentimita 12, ya dirishani sentimita 5 tu ila kijani kibichi na yamenenepa. La kavu maharage yako vilevile kama yametoka dukani, la mafuta yamevimba yananuka.

Yule binti akainuka bila kuitwa. Akachukua maka peni, akapiga mstari juu ya sentensi yake, taratibu, akaandika safu ya tatu "Mbegu inaota hata gizani". Nikadhani anarudi kukaa, kumbe akahamia safu ya pili, nafasi imebaki kidogo chini kabisa, akabana maandishi: "Kwanini ya gizani ni ya njano?"

Sikumjibu. Nilimuuliza tufanyeje, akabeba kopo la kabatini mwenyewe akalipeleka dirishani, na kesho yake asubuhi nilimkuta ameshafika kabla yangu, amesimama pale anayaangalia.