Nairobi hadi New York: kilomita ngapi, saa ngapi

Kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, uwanja wa New York, kwa njia fupi kabisa ni kama kilomita 11,800. Usiipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Dunia ni mviringo, na njia fupi hupinda kaskazini juu ya Sahara.

Boeing 787 hukata kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo hesabu tupu inatoa saa 13. Kiuhalisia kwenda ni karibu saa 15, kurudi karibu 14. Sababu ni upepo wa juu uvumao kutoka magharibi: ukienda unakupinga, ukirudi unakusukuma. Ndani ya saa hizo zimo pia dakika za kutambaa ardhini na kupanda.

Saa za kwenye tiketi ni za kila mji. Ukiondoka 23:45 na kuruka saa 15, Nairobi itakuwa 14:45, New York 06:45, yaani saa kumi na mbili na dakika 45 asubuhi. Hiyo ni tofauti ya saa 8. Kuanzia Machi hadi mapema Novemba ni 7.

Mtego mkubwa ni tiketi ya 00:30 tarehe 12. Uwanjani unafika tarehe 11 jioni. Ukienda jioni ya tarehe 12, ndege ilishaondoka usiku wa kuamkia siku hiyo.