Malaika Hakuulizwa

Katika kumbi za harusi hapa Mtwara, bendi ikianza kupiga "Malaika", watu huinuka, huenda kuwatunza maharusi na kuimba kwa sauti zao zote, nami huinuka pamoja nao kwa sababu naupenda wimbo huo kuliko nyimbo zote za mapenzi ninazozijua. Hata hivyo, ule si wimbo wa harusi. Ni wimbo wa ndoa iliyoshindikana: kijana anampenda msichana, anakiri kwamba angemuoa lakini hana mali, na wimbo unakwisha hajamuoa. Aliyeurekodi mwanzo ukasikika kote ni Fadhili William wa Kenya, ingawa ubishi kuhusu mtunzi, ambao humtaja pia Adam Salim wa Tanzania, umedumu miaka mingi. Mimi ubishi huo nauachia wanamuziki. Langu ni lile lililonipata mwaka 1986, nyumbani kwetu karibu na Newala.

Nilikuwa nimeposwa na kijana wa kijiji cha jirani, na kwao, kama ilivyo kwa karibu kila nyumba ya Uwanda wa Makonde, mahari ilitegemea korosho. Miaka ile korosho zilikuwa zimetukimbia. Watu walihamia vijiji vipya miaka ya 1970 na kuiacha mikorosho yao mbali, bei haikumpa mtu moyo wa kupalilia, kisha ukaja ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoua maua ya mikorosho. Nchi iliyovuna tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 haikufikisha hata tani 20,000 msimu wa 1986/87. Nilikwenda shambani kwao pamoja na dada yake nikajionea: mikorosho ilikuwa imechanua vizuri, lakini juu ya maua na majani machanga palikuwa na unga mweupe ulioganda kidoleni nilipougusa. Tuliporudi baadaye, mashada yale yale yalikuwa yamekauka na kuwa meusi, na ukitikisa tawi yanapukutika. Salfa, dawa ya unga ya kupuliza dhidi ya ugonjwa huo, ilikuwa bado haijawafikia.

Haukupita muda mrefu, mshenga wake akaja kuonana na mjomba wangu. Alisema kijana anaomba radhi, mahari hawezi kuipata, na haoni haki kunifunga nisiolewe na mwingine. Mjomba akamweleza baba, baba akamweleza mama, na mama akaniambia mimi usiku, akiwa amenipa mgongo.

Jioni moja baada ya hapo tulikuwa uani, bibi, mama na mimi, tukimenya mihogo ya makopa. Redio ilikuwa juu ya kinu. Betri zake nilikuwa nimezianika juani mchana kutwa ili zipate nguvu kidogo. Radio Tanzania wakaweka "Malaika" ya Miriam Makeba, mwanamke ambaye wakati ule mwenyewe alikuwa haruhusiwi kurudi kwao Afrika Kusini. Alipofika kwenye "nashindwa na mali sina", mama aliacha kumenya. Mimi nilikuwa nimeusikia wimbo ule tangu utotoni, lakini siku hiyo niliusikiliza nikimtafuta msichana. Nilisubiri ajibu. Ubeti ukapita, ukaja mwingine, na katika wimbo wote yeye hasemi neno. Kijana analia, anataja mali, anahukumu kwamba ndoa haiwezekani, na malaika mwenyewe hakuna aliyemuuliza kama na yeye anaiona mali hiyo kuwa kizuizi. Nikajiona mimi. Maneno ya ndoa yangu yalikuwa yamepita kwa mshenga, kwa mjomba, kwa baba na kwa mama, na hayakuwahi kusimama kwangu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mjomba peke yangu, jambo ambalo msichana hakulitenda bila kutumwa. Kwetu baba ndiye walii, yaani msimamizi wa kumwoza binti, mbele ya shehe, lakini neno zito la posa hutoka kwa mjomba. Nilimkuta akisuka mkeka barazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

"Hakuna, mjomba. Nimekuja kuuliza. Mahari ni ya nani?"

Alinitazama kwanza. "Ni yako. Shehe hufundisha hivyo kila siku, ni haki ya mwanamke."

"Basi mimi namkopesha. Aandikiwe deni, atalipa atakapopata."

Aliendelea kusuka mistari kadhaa, nami nikabaki nimepiga magoti, nikihofia kwamba ataniambia nimekosa adabu. Hatimaye aliniuliza swali moja tu: kama deni hilo halitalipwa kamwe, nitamdharau mume wangu? Nilimjibu kwamba sitamdharau. Namshukuru hadi leo kwa swali lile, kwa maana lilikuwa la kwanza kuulizwa mimi tangu posa ilipoanza.

Alimwita mshenga siku hiyo hiyo. Shehe alithibitisha kwamba mahari inaweza kucheleweshwa kwa ridhaa ya mke, na tulifunga ndoa mwaka ule ule, deni likiwa limeandikwa mbele ya mashahidi. Mume wangu alilimaliza miaka kadhaa baadaye, salfa ilipokwisha kufika na mikorosho ya kwao ikaanza kubeba tena. Alinihesabia fedha mkononi, mjomba akiwepo, nami nikazipokea zote.